Mabwana wa Giza Katika Riwaya za Fantasia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ulinganisho wa Nguvu Zao

Bwana wa giza ni mhusika wa namna gani?

Katika riwaya ndefu za fantasia, zile zenye upana na uzito wa tendi, bwana wa giza ni adui anayeutishia ulimwengu wote wa hadithi, wala si ufalme mmoja au ukoo mmoja tu. Ana ngome ambayo watu huogopa kuitaja, ana majeshi na watumishi wa vyeo mbalimbali, na mara nyingi aliwahi kushindwa zamani, kabla hadithi yenyewe haijaanza. Sauron wa *The Lord of the Rings*, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyotolewa kati ya mwaka 1954 na 1955, ndiye aliyeipa aina hii ya mhusika sura tunayoitambua leo. Miaka iliyofuata ilileta wengi. Mwaka 1977 peke yake ulitupa watatu: Morgoth wa *The Silmarillion*, kitabu kilichochapishwa miaka minne baada ya Tolkien kufariki, Brona wa *The Sword of Shannara* ya Terry Brooks, na Lord Foul wa *Lord Foul's Bane* ya Stephen Donaldson. Kwa wapenzi wa fasihi hii, mwaka ule ulikuwa na neema kubwa.

Kwa nini mijadala kuhusu nani ana nguvu zaidi haifiki mwisho?

Kwa sababu wanaobishana hawamzungumzii mhusika wa siku moja. Mmoja humtaja Morgoth kabla milima haijasimama, mwenzake humtaja Morgoth aliyejifungia Angband, ngome yake, akichechemea, na wote wawili hudhani wanamjadili kiumbe yule yule. Nguvu za bwana wa giza zina historia: alizaliwa nazo au alizinyakua, akaziweka mahali fulani, akazitumia kwa jambo fulani, na siku ya pambano la mwisho hubaki nazo kiasi fulani. Kabla ya kumlinganisha na yeyote, ni lazima tuulize alianza na nini, alikiweka wapi, na kimebaki nini. Ukubwa wa miujiza yake, ambao ndio watu hupenda kuuhesabu, husaidia kidogo sana katika kujibu maswali hayo.

Kati ya Morgoth na Sauron, ni nani aliye na nguvu zaidi?

Jibu linategemea siku unayowalinganisha, na Tolkien mwenyewe alilitafakari jambo hili kwa kina. Kwa asili, wawili hawa hawakaribiani. Melkor, ambaye baadaye aliitwa Morgoth, aliumbwa akiwa na uwezo na maarifa kuwazidi wenzake wote, Ainur, yaani roho zilizoumbwa kabla ya ulimwengu, tena akapewa sehemu ya vipawa vya kila mmoja wao; Sauron alikuwa Maia, yaani wa daraja la chini, na hapo mwanzo alikuwa katika kundi la Aulë, fundi mkuu wa Valar, yaani wale Ainur wakuu walioisimamia dunia. Mtu akiishia hapo atadhani mjadala umefungwa.

Lakini katika maandishi ambayo mwanawe, Christopher Tolkien, aliyachapisha mwaka 1993 katika buku la kumi la historia ya Dunia ya Kati, nchi zinamotokea hadithi hizi, Tolkien anaeleza kwamba Sauron wa Enzi ya Pili alikuwa, kiutendaji, mkubwa kuliko Morgoth wa mwishoni mwa Enzi ya Kwanza. Morgoth alikuwa ameitawanya nafsi yake: sehemu aliitia katika watumishi wake, na sehemu kubwa zaidi aliitia katika maada yenyewe ya dunia, ili kila kitu kilichoumbwa kiwe na chembe ya mapenzi yake. Sauron aliweka nguvu zake katika Pete moja, aliyoiunda ili kutawala kwayo. Morgoth aliziweka zake katika Dunia ya Kati nzima, na jina la buku hilo, *Morgoth's Ring*, limetokana na fikra hiyo. Tolkien anakwenda mbali zaidi na kudokeza kwamba dhahabu ilielekea kubeba uovu huo kwa namna ya pekee, ilhali maji yalikuwa karibu yamesalimika kabisa.

Tazama matokeo yake. Pete iliweza kutupwa katika moto wa mlima Orodruin, na Sauron akabaki kivuli kisichoweza tena kujiumbia mwili wala kumdhuru mtu. Pete ya Morgoth haiwezi kutupwa popote, kwa kuwa kuiharibu ni kuiharibu dunia. Alipotolewa nje ya ulimwengu kupitia Mlango wa Usiku, baada ya kushindwa katika Vita vya Ghadhabu, doa lake lilibaki katika udongo na katika miili ya viumbe. Kwa hiyo naamini kuwa ni kosa kusema Morgoth alidhoofika tu. Nguvu zake ziliacha kuwa mkononi mwake na zikawa katika vitu vyote, na huo ni ushindi wa aina yake, hata kama aliyeshinda hakuwepo tena kuufurahia.

Walitofautiana pia katika kile walichokitaka. Morgoth alichukia kuwepo kwa chochote ambacho hakikutoka kwake, na chuki kama hiyo haina mwisho ila kuteketeza kila kitu, wakiwemo watumishi wake. Sauron alipenda mpangilio na utaratibu, akataka kuwatawala watu, na mtawala huhitaji watu wawepo. Ndiyo maana Sauron hakulazimika kujimaliza kama bwana wake alivyojimaliza.

Kama Morgoth alikuwa mkuu kiasi hicho, iliwezekanaje Mwelfu mmoja kumjeruhi?

Fingolfin, mfalme wa Waelfu wa Noldor, alipanda farasi peke yake hadi kwenye lango la Angband, akamwita Morgoth nje wapigane. Morgoth alitoka akiwa na nyundo yake, Grond, na alimuua. Lakini kabla ya kufa Fingolfin alimtia majeraha saba, kisha akampiga mguuni pigo lililomwacha akichechemea siku zote. Wasomaji wengi huona kisa hiki kinapingana na habari za Melkor aliyepambana na Valar wote wakati dunia inaumbwa. Mimi huona kinathibitisha jambo lile lile. Kiumbe aliyeweza kubomoa milima alikuwa amefungika katika mwili mmoja asioweza kuubadili, mwenye viganja vilivyoungua tangu aliposhika vito vya Silmaril na ambavyo havikupona kamwe.

Kuna ushahidi wa mapema zaidi. Baada ya kuiharibu Miti Miwili iliyoangaza Valinor, nchi ya Valar, pamoja na Ungoliant, yule buibui wa giza, Melkor alijikuta akimwogopa mshirika wake, kwa kuwa Ungoliant alikuwa amekua kwa nguvu alizopewa na Melkor mwenyewe. Alipomzonga kwa nyuzi zake akidai vito, Melkor alipiga ukelele, nao Balrog, mapepo wake wa moto, ndio waliokuja kumwokoa kwa mijeledi ya moto. Aliye mkuu kuliko wote alihitaji kuokolewa na watumishi wake, na tangu hapo habari zake ni za kupungua.

Je, Pete ilimwongezea Sauron nguvu au ilimpunguzia?

Yote mawili. Iliundwa yapata mwaka 1600 wa Enzi ya Pili, na alipoivaa uwezo wake duniani uliongezeka. Katika barua ndefu aliyomwandikia Milton Waldman mwaka 1951, Tolkien anaeleza kwamba hata Sauron asipoivaa, nguvu ile ilikuwepo na iliendelea kuwa na uhusiano naye, hivyo hakupungukiwa na kitu. Hatari ilikuwa moja tu, kwamba Pete iangamizwe, au mtu mwingine mwenye uwezo wa kutosha aichukue na kuifanya yake.

Wengi husahau kwamba Pete haikumfanya asishindike. Mwaka 3261 Ar-Pharazôn, mfalme wa Númenor, alitua Dunia ya Kati na jeshi kubwa kiasi kwamba watumishi wa Sauron walimkimbia, naye akajisalimisha mwaka uliofuata. Alichukuliwa mateka. Kisha, bila jeshi, akiwa mfungwa katika nchi ya maadui zake, aliugeuza moyo wa mfalme kwa maneno matupu, akawafanya watu wa Númenor wamwabudu Morgoth, na mwaka 3319 akawa amewasukuma kwenda kuishambulia Valinor, jambo lililokizamisha kisiwa chao chote baharini. Ukitaka kujua Sauron ana nguvu gani hasa, isome miaka ile ya utumwani kabla ya kuangalia vita vyake. Vitani alishindwa mara nyingi: na Huan, mbwa wa Valinor, katika Enzi ya Kwanza, na wafalme Elendil na Gil-galad mwaka 3441, ingawa wote wawili walikufa katika pambano hilo. Kwa ulimi hakuwahi kushindwa namna hiyo.

Vipi kuhusu mabwana wa giza wanaouficha uhai wao nje ya mwili?

Hawa hutajwa pamoja na Sauron mara nyingi, na kwa maoni yangu hutajwa kimakosa. Voldemort wa J. K. Rowling aliigawa roho yake na kuificha vipande katika vitu, lakini vipande hivyo havikumpa uwezo mkubwa zaidi wa uchawi. Vilimzuia asife tu. Pete ya Sauron ni chombo cha kutawalia, vitu vya Voldemort ni vya kujihami. Anayewapima kwa kipimo kimoja analinganisha upanga na ngao.

Wazo la uhai uliofichwa ni la kale mno. Koschei wa ngano za Kirusi alikiweka kifo chake katika sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, na sungura ndani ya sanduku lililozikwa chini ya mti kisiwani. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka mara moja Fumo Liongo, ambaye silaha haikumwingia hadi mwanawe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, kama inavyosimuliwa katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liongo ni shujaa, si bwana wa giza, na yeye hakuweka uhai wake nje. Alikuwa na mahali pamoja palipo wazi na siri ya kulinda, na mauti yalimfikia kupitia mtu aliyemwamini. Mabwana wa giza wa riwaya hizi wameurithi udhaifu huo bila kurithi mapenzi ya watu waliokuwa wakimlilia Liongo.

Shai'tan wa *The Wheel of Time* ana nafasi gani?

Mfululizo huu wa Robert Jordan ulianza mwaka 1990 na una riwaya kuu kumi na nne, ya mwisho ikiwa imetoka mwaka 2013 baada ya Brandon Sanderson kuikamilisha kazi iliyoachwa na Jordan, aliyefariki mwaka 2007. Adui wake mkuu, ambaye wahusika huogopa kumtaja jina, hayumo kabisa katika mfumo wa ulimwengu. Muumba alimfungia nje yake tangu mwanzo, na aliweza kuugusa ulimwengu pale tu wanadamu wa enzi ya kale walipotoboa tundu katika gereza lake wakitafuta chanzo kipya cha nguvu, bila kujua walichokuwa wakikifungua.

Kwa upana, simwoni wa kumfikia. Akishinda, wakati wenyewe unakwisha. Kupitia tundu ambalo bado limezibwa kwa mihuri, aliweza kuyapotosha majira ya mwaka na kuwarudishia watumishi wake waliokufa uhai katika miili mingine. Lews Therin, shujaa wa enzi ile ya kale, na wenzake walipoliziba tundu hilo, pigo lake la kulipiza liliitia sumu nusu ya kiume ya Nguvu Moja, chanzo cha uchawi wa ulimwengu ule, na wanaume wote walioitumia wakapata wazimu na kuivunja dunia vipande. Hata hivyo ana mipaka iliyo wazi: aliyeuawa kwa moto unaoufuta uzi wa maisha yake kinyumenyume hawezi kurudishwa, hata na yeye.

Wengi huuliza kwa nini Rand al'Thor, shujaa wa mfululizo, hakumuua alipopata nafasi. Aliona kwamba ulimwengu usio na adui huyo ungekuwa na watu wasioweza kuchagua uovu, na kwa hiyo wasioweza kuchagua wema pia. Akamfungia upya. Nakiri kuwa hili ndilo jibu zito kuliko yote ambayo fasihi hii imelitoa kwa swali la nguvu za bwana wa giza, kwa kuwa linamfanya shujaa amwache hai kwa hiari, bila kushindwa.

Kati ya mungu aliyefungwa na mtawala aliyeketi kitini, yupi ni wa kuogopwa zaidi?

Brandon Sanderson aliliweka swali hili ndani ya mfululizo mmoja, *Mistborn*, ulioanza mwaka 2006. Bwana Mtawala ni binadamu aliyetawala miaka elfu moja. Siri ya nguvu zake ni kuunganisha aina mbili za uwezo wa metali, moja ya kuchoma na nyingine ya kuweka akiba, hivi kwamba kila alichokiweka kilimrudia maradufu, ujana ukiwemo. Vin, msichana shujaa wa hadithi hiyo, alipozing'oa bangili zilizoshikilia akiba hiyo, uzee wa karne zote ulimjia kwa dakika chache. Hapa mahali nguvu zilipowekwa panaonekana kwa macho: zilikuwa mkononi mwake, na zilivuliwa.

Nyuma yake kuna Ruin, nguvu ya kiungu iliyofungwa. Alizungumza na kila aliyedungwa metali mwilini, na alibadilisha maandishi yasiyochongwa katika metali, hata unabii ambao watu waliutegemea kwa vizazi ukawa unasema kile alichotaka yeye. Mimi humwogopa huyu kuliko jeshi lolote la riwaya hizi. Mtawala katili anaweza kupinduliwa na watu wanaokumbuka kilichotokea. Anayeweza kuibadilisha kumbukumbu iliyoandikwa huwafanya watu wamfungulie mlango wakiamini wanaokoa dunia, na ndivyo ilivyotokea kwa Vin mwenyewe katika riwaya ya pili.

Bwana wa giza akishindwa bila vita, je, ni dalili ya udhaifu?

Hapana, na mifano mitatu inatosha. Brona alikuwa amekwisha kufa kimwili zamani. Kilichomdumisha ni imani yake kwamba yu hai. Upanga wa Shannara humwonyesha mtu ukweli kumhusu yeye mwenyewe, na ukweli huo ulimfuta. Upanga wa kawaida usingemdhuru hata kidogo, kwa sababu nguvu zake hazikuwa mwilini.

Torak, mungu wa mfululizo wa *The Belgariad* wa David Eddings, aliipasua dunia kwa Jiwe la Aldur, nalo likamchoma mkono, jicho na upande mmoja wa uso. Aliuawa kwa upanga, ni kweli, lakini alikuwa amekwisha kuvunjika pale Polgara, mchawi aliyemtaka awe mke wake, alipokataa kumpenda. Alikuwa mungu aliyehitaji kupendwa, akanyimwa.

Lord Foul ndiye mgumu zaidi. Silaha yake ni kukata tamaa, na ustadi wake ni kumfanya mtu mwema aufanye uovu kwa mkono wake mwenyewe huku akidhani anaokoa nchi. Amefungiwa ndani ya Tao la Wakati, nguzo inayoushikilia ulimwengu ule, na hawezi kulivunja bila dhahabu nyeupe, ambayo ni pete ya ndoa ya Thomas Covenant, mhusika mkuu wa riwaya hizo. Mwishoni mwa trilojia ya kwanza, mwaka 1979, kilichomshinda ni kicheko. Kadiri kilivyoongezeka ndivyo alivyorudi nyuma kiumri, hadi akawa kitoto kichanga na kutoweka. Wapo wanaoliona tukio hilo kuwa jepesi. Kwangu mimi lina mantiki kamili, maana aliyejengwa kwa dharau hana kinga dhidi ya watu walioacha kumwogopa, na kwa kuwa dharau haimaliziki kabisa, alirudi katika trilojia ya pili.

Filamu na tamthilia zinaweza kutumika kama ushahidi?

Kwa uangalifu mkubwa. Filamu za Peter Jackson za mwaka 2001 hadi 2003 zinamwonyesha Sauron wa Enzi ya Tatu kama jicho la moto juu ya mnara. Katika kitabu ana mwili. Gollum, aliyewahi kuimiliki Pete na aliyemwona Sauron, anataja mkono wake mweusi wenye vidole vinne. Mfalme wa Usiku wa tamthilia ya *Game of Thrones*, aliyeuawa mwaka 2019, hajatokea kama kiongozi wa “Wengine”, viumbe wa barafu wa kaskazini, katika riwaya za George R. R. Martin zilizochapishwa. Ni vyema kusema mapema kama mjadala unahusu maandishi au picha.

Je, inawezekana kuwapanga katika orodha moja?

Kuwapanga kwa ubora wa miujiza hakuwezekani, kwa kuwa kila ulimwengu una sheria zake. Kinachowezekana ni kupima uwiano, yaani bwana huyu ana ukubwa gani mbele ya walio wakubwa kabisa katika ulimwengu wake. Kwa kipimo hicho Shai'tan namweka juu, maana hakuna kiumbe ndani ya ulimwengu wake anayeweza kumwangamiza bila gharama isiyolipika. Melkor wa mwanzo anafuata, akiwa mkuu kuliko kila mmoja wa Valar, ingawa Tulkas, mmoja wao, aliwahi kumbwaga na kumfunga kwa mnyororo. Ruin ni wa tatu, kwa sababu alikuwa na mwenzake wa nguvu sawa aliyemzuia. Sauron yuko chini sana kwa asili, lakini katika Enzi ya Tatu, wakati wakuu wengi wa kale wamekwisha kuondoka Dunia ya Kati, hakuna jeshi lililosalia lenye uwezo wa kumshinda uwanjani, na mchawi Gandalf analisema hilo waziwazi mbele ya makapteni kabla ya kuelekea Lango Jeusi la nchi ya Sauron. Bwana Mtawala, Torak na Brona nawaacha bila kuwapanga. Tofauti zao ni ndogo kuliko ubishi unaozizunguka.

Anayetaka kuchunguza mwenyewe aanze na kitabu kipi?

Aanze na *The Silmarillion*, hasa sura za kutiwa giza kwa Valinor na kifo cha Fingolfin, kisha *Akallabêth* iliyomo humo humo, ndipo asome *Morgoth's Ring*. Asiyezoea lugha nzito ya Tolkien anaweza kutangulia na *Mistborn*, ambayo sheria zake za nguvu zimeelezwa waziwazi na hadithi yake inasonga haraka.